Kikao cha Wenye Bastola

Elimringi hakuwahi kununua kitu kwa bei ya kwanza, na hakuona kwa nini aanze na siasa. Aliingia Houston na sanduku moja na cheti cha ufundi ambacho hakuna aliyetaka kukisoma, akaanza kubadilisha matairi ya watu kwenye maegesho, na sasa alikuwa na gereji yake katika mtaa wa Alief, yenye lifti mbili na uzio wa mabati. Mwaka 2017 majambazi wawili waliruka uzio huo wakamlaza kifudifudi juu ya oili. Mmoja alimkanyaga shingo huku mwenzake akipekua droo. Kesho yake alinunua bastola, na mwezi haukuisha akanunua na bunduki, ile nyeusi ya risasi nyingi. Tangu hapo ukimwuliza yuko chama gani alikujibu, "Chama changu ni shingo yangu."

Kwa kuwa Watanzania wawili hawawezi kukutana ng'ambo bila kuchagua mwenyekiti, kwenda kulenga shabaha nako kuligeuka chama. Walikuwa watano. Mwenyekiti alikuwa Sadock, mzee wa kanisa, aliyemfuata Elimringi katika kila jambo isipokuwa bia. Wilfred, mhasibu aliyeishi Sugar Land, ndiye aliyeandika katiba. Jeptoo, nesi Mkenya, alinunua bastola yake baada ya mtu kumfuata hadi kwenye gari akitoka kazini. Wa tano alikuwa Nathanaël, Mkongomani wa bohari ya mizigo, mpole, aliyelenga kuliko wote na kusema kidogo kuliko wote.

Katiba ilisema uchaguzi ukifika watakaa kikao, watainua mikono, na upande uliozidi utakuwa wa wote. Kisha watakwenda kupiga kura kwa gari moja.

Mwaka 2018 walipatana kwa soda moja. Mwaka 2020 vikao viwili vilivunjika kwa matusi. Aliyekuwa madarakani alisemekana kuzitukana nchi zao, na mlango wa wakimbizi alikuwa ameubana hadi ukabaki ufa. Aliyetaka kuingia alisema waziwazi kwamba bunduki kama ile nyeusi ya Elimringi zisiuzwe tena. Hakuna kati yao watano aliyempenda hata mmoja. Waligombania tu yupi ana nafuu, na ugomvi wa namna hiyo una sumu kuliko ugomvi wa mapenzi.

Elimringi na Sadock walikuwa upande mmoja, Wilfred na Jeptoo upande wa pili. Kila kitu kilibaki kwenye mkono wa Nathanaël.

Na hapo ndipo Elimringi alipokuwa na jambo lake la siri. Wiki moja kabla ya uchaguzi, Nathanaël alileta gari libadilishwe breki. Alipofungua pochi, Elimringi akaona kadi ya mpiga kura.

"Umekuwa raia lini wewe?"

"Bado, patron. Mwaka kesho nita-apply."

"Na hii?"

"Ile? Carte d'électeur. Ku ofisi ya permis ya gari baliniuliza kama nataka, nikasema yes." Aliipangusa kwa kidole gumba. "Kwetu Congo bila carte d'électeur wewe si mtu. Benki banakufukuza. Polisi anakusimamisha, utaonyesha nini?"

Elimringi alielewa kosa lile papo hapo, maana hata Tanzania alikotoka kadi ya mpiga kura ilifungua akaunti na kusajili simu. Lakini hapa haikuwa kitambulisho. Hapa mwenye green card aliruhusiwa kumiliki bastola, ila akitumbukiza kura amejifungia mlango: wanaweza kumnyang'anya makaratasi na kumpandisha ndege. Mwenye akili angemwambia palepale. Elimringi aliendelea kufunga nati. Alitaka mkono kwanza. Kuinua mkono gereji si kosa mbele ya sheria yoyote. Kikao kikishapita, angemvuta pembeni kabla gari halijaondoka. Alipiga hesabu hiyo akaiona nzuri.

Siku yenyewe ya uchaguzi, Jumanne mchana, walikaa kwenye viti vya plastiki kati ya lifti mbili, barakoa zikiwa zimeshushwa kidevuni, bastola kiunoni. Kila mtu alikuwa amekuja na hasira yake tayari.

"Mangi," Wilfred alianza, "mtu amekutukania mama yako, wewe unataka umpe funguo za nyumba tena?"

"Na wako anataka kuninyang'anya bunduki. Siku majambazi wakirudi nitawapigia hesabu za kodi? Au nikuite wewe uje na kalkuleta?"

"Hakuna anayekunyang'anya. Amesema zisiuzwe."

"Mwanzo huwa ni zisiuzwe. Wilfred, wewe unaishi kwenye geti lenye mlinzi. Mlinzi wako ana bastola. Umekodi bunduki ya mtu halafu unanifundisha mimi dhambi."

Jeptoo aliguna. "Wewe mzee, acha kujifanya ni wewe pekee umewahi kuibiwa. Mimi niko na bastola na bado nitapigia huyo mwingine. Hii mwaka nimefunga macho ya wagonjwa wangapi na huyo wako akisema corona itaisha tu?"

"Wangu? Nimemzaa mimi?"

"Unambeba kama umemzaa."

"Ninambeba kama gunia. Nikifika, nalitupa."

Sadock aliomba lugha ya staha, wakamwambia anyamaze. Wilfred alimgeukia Nathanaël. "Kaka, sema. Mama yako yuko wapi?"

"Iko Nyarugusu, ku camp ya wakimbizi," Nathanaël alisema taratibu. "Dossier yake ya kuja huku ilikuwa imefika karibu. Banasema imesimama."

"Nani ameisimamisha?"

"Usimlishe maneno!" Elimringi alifoka. "Nathanaël, nani alikupa bei ya jumla kwa risasi? Nani alikufundisha hapa pa kusimama na pa kunyamaza? Hao watakutumia leo, kesho hawakujui."

Sadock aliita mikono. Upande wa Elimringi ikainuka miwili. Upande wa Wilfred miwili, kisha, bila haraka, akimtazama Elimringi usoni, Nathanaël akainua wa tatu.

"Samahani, patron. Bunduki nitanunua ingine. Mama hapana."

Wilfred alipiga makofi. "Imepita! Gari moja, kama katiba inavyosema. Bastola zibaki hapa, kituoni haziruhusiwi."

Elimringi alizipokea moja moja akazifungia kwenye kabati la chuma. Alipofika kwa Nathanaël hakupokea.

"Wewe huendi."

"Mnaona?" Jeptoo alicheka. "Ameshindwa, ameanza."

"Huyu si raia. Ana kadi lakini si raia. Akipiga kura wanaweza kumfukuza nchi."

"Kama si raia, county imempaje kadi?" Jeptoo aliuliza. "Si wako na records zake?"

Elimringi alimtazama Wilfred. Wilfred alikuwa raia kama yeye, aliapa mbele ya hakimu yuleyule, alisoma kijitabu kilekile cha uraia. Alijua. Lakini macho yake yalikimbilia kwenye kalenda ya ukutani, na Elimringi akaitambua hesabu iliyokuwa ikipigwa mle ndani, maana yeye mwenyewe aliipiga wiki iliyopita akiwa na spana mkononi.

"Sema, mhasibu," alisema. "Mwambie."

"Mimi si mwanasheria," Wilfred alijibu.

Nathanaël alikuwa amekunja uso. "Wiki moja uliona carte yangu. Ulinyamaza. Leo nimekukatalia, ndiyo inakuwa kosa?"

Ukweli wake ulikuwa umechacha kwa kukaa, na sasa ulinuka uongo. Basi alifanya kile alichokijua tangu utoto: aliweka bei.

"Sikiliza. Hujaniamini, sawa. Usiniamini. Wewe usiende, na mimi siendi. Kura yako na yangu zinafutana. Upande wako haupotezi kitu. Kesho mwone mwanasheria. Nikiwa nimedanganya, uwaambie watu wote wa Alief."

"Katiba inasema hata wewe ungetupigia sisi," Wilfred alidakia. "Kwa hiyo tunapoteza mbili."

"Wewe uliamini ningewapigia?"

Wilfred aliigeukia tena kalenda.

"Chumba cha kura hakina mwenyekiti," Elimringi alisema. "Tuache utoto."

Nathanaël akamwangalia Wilfred, aliyekuwa bado anaichungulia ile kalenda. "Kaka Wilfred, sema tu mara moja. Naweza kwenda?"

"Uamuzi ni wako," Wilfred alisema.

Nathanaël akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha kujibiwa. "Muende."

Walikwenda na gari la Sadock, bila kuagana. Gereji ikabaki na watu wawili na harufu ya mpira.

"Kama ningeinua mkono upande yako," Nathanaël aliuliza, "ungeniambia?"

"Kabla ya gari kuondoka. Ndivyo nilivyopanga."

"Nimeuliza kama ungeniambia. Sikuuliza ulipanga nini."

Elimringi aliokota kitambaa akafuta mikono isiyo na oili. Alijua bei ya kila tairi mle ndani, hata lililotobolewa. Jibu la swali lile hakulijua.

Nathanaël alivuta kiti hadi getini akakaa, miguu imenyooshwa kukatiza njia.

"Hata chooni nitakufuata," alisema. "Mpaka bafunge vituo ya kura. Na kesho nikitoka ku avocat, hapa kwako sikanyagi tena, hata kama ulisema kweli."

"Kaa," Elimringi alisema, naye akavuta kiti chake.