Alama ya Kijani kwenye Nyumba ya Mama Mkubwa

Nyumba ya mama mkubwa niliiwekea duara la kijani huku nikijua kwamba haikustahili.

Nilikuwa na mkataba wa miezi michache katika ofisi moja ya Morogoro mjini. Kazi yetu ilikuwa kuweka kwenye ramani nyumba zilizojengwa kwenye miteremko ya Uluguru, upande wa mashariki, ambako mvua ikishika haiachii. Tulipanda vijijini na simu zetu, tukasimama mlangoni mwa kila nyumba tukachukua vipimo vya mahali, tukakagua mteremko na nyufa za ardhi. Tukirudi ofisini, mimi ndiye niliyefungua programu ya ramani kwenye kompyuta na kuipa kila nyumba alama yake. Duara la kijani, salama. Mraba wa njano, iangaliwe tena. Pembetatu nyekundu, watu wahame kabla ya masika. Orodha ya pembetatu ilipelekwa kwa watendaji wa vijiji, nao wakaenda kuwaambia wenyewe.

Kijiji cha mama yangu kilikuwa ndani ya eneo letu. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu, na dada yake mkubwa ndiye aliyenilea. Siku tuliyofika kwake nilizunguka nyuma ya jiko, nikaona ufa umekata shamba la migomba kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nikachuchumaa nikaingiza mkono. Uliingia mpaka kwenye kiwiko. Nilipoinuka, mama mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Unaandika nini?" akauliza.

"Nitaandika baada ya kupima, mama."

"Pima. Lakini ujue kitu kimoja. Ardhi hii ni ya ukoo, na kwetu ardhi inapita kwa wanawake. Aliyebaki kuikalia ni mimi. Nikishuka bondeni hata mwezi mmoja, kuna watu wanasubiri waigawe."

Hakulia, wala hakupandisha sauti. Alinifungashia magimbi kwenye mfuko akanisindikiza hadi njiani.

Kesho yake ofisini niliiweka nyumba yake pembetatu nyekundu. Nikaitazama. Nikamwona mtendaji anabisha hodi, nikamwona mama mkubwa anabeba godoro kichwani mbele ya hao wanaosubiri. Nikabadilisha. Njano sikuiweka, kwa kuwa njano ingemrudisha mwenzangu kule kukagua upya. Nikaweka kijani, nikahifadhi, nikaendelea na nyumba inayofuata.

Masika yakaja. Ilifika wiki mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, na kutoka dirishani kwetu mlima haukuonekana kabisa. Asubuhi ya siku ya nne tukapata habari kwamba mteremko umeporomoka katika kijiji jirani na cha mama. Nyumba mbili zilifukiwa, lakini zilikuwa tupu. Zote mbili zilikuwa na pembetatu. Wenzangu walipeana mikono. Mimi nilitoka nje kumpigia mama mkubwa. Hakupatikana. Nikapiga tena, na tena, kisha nikaingia kwa msimamizi wetu, mama mmoja mpole aliyenipokea kazini.

"Kuna nyumba moja nimeidanganyia alama," nikamwambia.

"Ya nani?"

"Ya mama yangu mkubwa."

Akavua miwani. "Ufa ukoje?"

"Mkono unaingia mpaka kwenye kiwiko."

Hakunigombeza. Alichukua simu akampigia mtendaji wa kijiji, akasikiliza, akaiweka mezani. "Mtendaji yuko ng'ambo ya mto, upande wa pili wa kijiji, na maji yamejaa. Hawezi kuvuka. Nenda wewe sasa hivi. Mengine tutaongea ukirudi."

Nilipata gari hadi Mkuyuni, kisha bodaboda. Kwenye daraja la magogo dereva akagoma, na sikumlaumu. Nikavua viatu nikavuka, nikapanda kwa miguu, natafuta mizizi ya kushika. Kila niliposikia maji yanavuma mahali nisipoyaona, nilisimama, halafu nikaona aibu kusimama.

Nilimkuta amekaa kibarazani anachambua maharage ya mbegu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mvua yote hii, kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuja tushuke shuleni, kule bondeni kwenye usalama, mimi na wewe, sasa hivi."

"Kwa nini? Mtendaji alisoma majina ya wanaotakiwa kuhama. Langu halimo."

Nyuma yake, mlango wa jiko ulikuwa umebanwa na fremu, umeachama kidogo. Ukuta ulikuwa umeanza kuinama.

"Halimo kwa sababu niliandika uongo," nikasema.

Mikono yake ikaacha maharage. "Nilijua umepima ukaona afadhali."

"Sikuona afadhali. Nilikuonea huruma."

"Mimi nilikueleza habari za ardhi," akasema taratibu. "Sikukutuma useme uongo. Siku zote hizi ninalala humu, naamini umepima."

Aliingia ndani, akatoka na msala wake wa kuswalia na mfuko wa mbegu, akanipita akaanza kushuka. Niliokota blanketi na sufuria moja nikamfuata. Tulikuwa tumeshavuka makaburi ya ukoo, shule tunaiona chini yetu, niliposikia sauti kama lori linamwaga kokoto, ndefu kuliko lori lolote. Nilimshika mkono. Aliuacha mkono wake kwangu mpaka sauti ilipokwisha, halafu akautoa.

Tope lilichukua jiko, na shamba lote la migomba. Nyumba ilibaki imesimama, chumba chake cha kulala hakina ukuta wa nyuma.

Ofisini hawakuniachisha kazi siku ile. Msimamizi alinipangia mwenzangu mmoja, tukarudi kwenye kila nyumba niliyoipa kijani, moja baada ya nyingine, tope hadi magotini. Hatukukuta nyingine niliyoidanganyia. Hata hivyo mkataba ulipokwisha hawakuuongeza, na niliona ni haki.

Ukoo ulikaa kikao kuhusu ardhi ya mama mkubwa. Ilikubaliwa aendelee kuilima, kulala alale bondeni, na hakuna aliyethubutu kudai igawanywe. Sasa anaishi kwenye vyumba viwili karibu na shule. Nikimpigia, anaitikia shikamoo yangu, anauliza hali ya watoto wangu, anasema mvua imenyesha au haijanyesha, kisha anaaga. Zamani mimi ndiye niliyekuwa na haraka ya kuaga. Siku hizi natafuta swali lingine la kumuuliza, na mara nyingi ninapolipata, simu imeshakatika.