Firigisi ya Baba

Kwetu Ahero, firigisi ya kuku ilikuwa ya mwenye boma. Mama aliipika, akaiweka juu ya nyama kwenye sahani ya Baba, na sisi watoto tukaila kwa macho. Nilikuwa na miaka tisa nilipoichomoa kwenye sufuria nikaitia mdomoni. Sikuwahi kuitafuna. Baba alinikaba shingo mpaka nikaitema jivuni, kisha akashika mwiko wa ugali. Nilikinga uso kwa mkono wa kushoto.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema akihema.

Guu langu lilisalimika. Kilichovunjika ni kidole kidogo, na hadi leo hakinyooki.

Nimekula mengi tangu siku ile. Nimeolewa, nimeachika, nina kibanda cha nguo katika soko la Kibuye na nyumba ya kupanga, vyumba viwili. Firigisi ningeweza kununua kila wiki. Sikununua hata moja. Niliitaka ile yake, na nilitaka aione ikiingia mdomoni mwangu.

Mwaka huu mafuriko yalibomoa nyumba yake, akaja kwangu na fimbo yake na mfuko wa nguo zilizolowa. Jumapili nikanunua jogoo. Kwetu mwanamke hachinji, na jirani yangu mwanamume alikuja kunisaidia. Nikamfukuza. Nilimkanyaga jogoo mabawa, nikapitisha kisu, damu ikaniruka hadi kidevuni. Baba aliketi mlangoni akitazama.

Nilipopakua, alifukua sahani yake kwa vidole.

"Nyara, binti yangu, firigisi iko wapi?"

"Iko kwa sahani yangu, Baba."

"Leta hapa."

"Hapana."

Aliinua fimbo. Ilinipata begani, sikusikia uchungu wowote. Niliinyakua, nikaivunja kwa goti, nikatupa vipande uani. Kisha nikaketi mbele yake, nikatafuna polepole huku nikimkazia macho. Ilikuwa ngumu na chumvi imezidi, lakini sijawahi kula kitu kitamu kama kile. Utamu ulinishuka hadi magotini. Nikacheka peke yangu, nikalamba vidole vyote, hata kile kilichopinda. Sitadanganya kwamba nilijuta. Nilishiba, nikalala usingizi wa mtoto.

Asubuhi alitaka kwenda chooni, nyuma ya ua, na fimbo hakuwa nayo. Alishika ukuta, akanyoosha mkono bila kuniangalia. Nikampa wangu wa kushoto. Vidole vyake vilipapasa vyangu, vikafika kwenye kile kilichopinda, vikasimama hapo.

"Hii kidole ilifanywa nini?" aliuliza.

Nilimtazama vizuri, nikitafuta hila. Haikuwapo. Alikuwa mzee tu anayeuliza, hakumbuki mwiko, hakumbuki firigisi, labda hata ya jana aliiona ukorofi wa mwanamke aliyeachika.

"Iliumia nikiwa mdogo, Baba," nikamwambia.

"Pole," akasema.

Nikamwongoza hadi chooni. Tulipofika mlangoni nilikuwa na njaa tena.