Mkato wa Mkono wa Kushoto

Mjomba alipoletwa Newala kutoka Masasi, mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine aliopewa aushike kwa muda. Kiharusi kilimkuta kwenye banda lake la kuchongea vinyago. Jirani aliyemwokota alituambia kwamba alimkuta chini, juu ya vipande vya mpingo, akiitafuta tezo yake ya kuchongea kwa mkono uliobaki. Mama ni dada yake, na kwao wamezaliwa wawili tu. Akampa chumba cha mbele na kiti barazani, akaanza kumlisha uji kwa kijiko. Mtu aliyekuwa akitoa uso wa binadamu kwenye gogo sasa alikuwa anafutwa kidevu. Wiki tatu nzima hakusema zaidi ya "marahaba" na "nimeshiba". Na hakuwa ameshiba, sahani zilirudi jikoni zimejaa.

Mama alinieleza hofu yake bila kuzunguka. Alisema kaka yake haumwi tena, amekata tamaa tu, na mtu wa hivyo hakai sana.

Mimi nafundisha fizikia sekondari, hapa hapa mjini. Nikitoka kazini mchana nilikuwa nakaa barazani na kompyuta yangu, na kibao cha kuchorea chenye kalamu yake, najifunza kuchonga. Nasema kuchonga kwa sababu programu yenyewe ndivyo inavyofanya kazi. Unapewa donge, unapunguza, unabonyeza, unakwangua, mpaka umbo litokee. Mti halisi sijawahi kuuchonga. Nilipokuwa mtoto nilipeleka maji bandani kwa mjomba na kufagia vumbi, lakini tezo sikupewa. Ilikuwa kazi ya wanaume, na hakuna aliyeona haja ya kunieleza kwa nini. Wapwa wa kiume, wana wa binamu zake, walikaa chini mbele yake, mimi nikasimama na ndoo. Kinyongo hicho ninacho mpaka leo wala sikifichi.

Wakati ule nilikuwa najizoeza kuchonga chombo cha angani. Si kwamba nina hamu ya kwenda mwezini, hata Dar nikienda narudi nimechoka. Nilikichagua kwa sababu ni vigumu kujidanganya nacho. Ukichonga uso wa mtu, shavu likibonyea kidogo unasema huyu bwana amekonda. Bati la chombo likibonyea, limebonyea. Kingo lazima ziwe kali, bamba likutane na bamba bila kuvimba, na mwanga ukipita juu yake uteleze sawasawa kutoka puani hadi kwenye injini. Miezi mitano nilikuwa na chombo kimoja hicho hicho. Nilikata, nikasawazisha, nikakata tena, na kila nilipokigeuza kwenye mwanga niliona mawimbi pale nilipodhani pamenyooka.

Mjomba alikaa nyuma yangu na kiti chake. Nilidhani anaangalia barabara.

"Huyo anabeba watu?"

Nilishtuka. Sauti yake ilikuwa imelala upande mmoja, lakini ilikuwa yake.

"Ndiyo, mjomba. Anawabeba ndani."

"Sasa tumbo lake liko wapi?"

Nilikigeuza chombo mara moja, mara mbili. Kilikuwa chembamba mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nimekipamba kwa mifereji na vifuniko na mabomba, lakini pa kukaa mtu hapakuwepo. Nilianza kujieleza, kwamba ni zoezi tu, kwamba hakuna atakayepanda. Kesho yake nilikata katikati nikaongeza tumbo, na yeye akasogeza kiti mpaka goti lake likagusa la kwangu.

Tangu siku hiyo mchana wetu ukawa na kazi. Alinikosoa bila huruma. Aliniambia nakwangua sana, kwamba naogopa kukata na ndiyo maana kila kitu changu kinafanana na sabuni iliyooshewa. Aliniambia injini zangu zimebandikwa, hazikuota. Nilipomwonyesha kwamba nikikata upande wa kulia kompyuta inakata na wa kushoto papo hapo, vilevile kabisa, alicheka mpaka udenda ukamtoka. Akasema hajawahi kumwona mtu mwenye pande mbili zilizo sawa, sembuse sasa yeye mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kuutania ugonjwa wake. Mama alichungulia kutoka jikoni, akarudi ndani. Jioni ile mjomba alimaliza ugali wake wote na kisamvu, akaomba maji.

Nilifurahi, na nakiri kwamba sikumfurahia yeye peke yake. Nilitaka apone. Nilitaka pia kile nilichonyimwa, nikae chini mbele yake, anifundishe. Na mtu akitaka vitu viwili kwa pamoja, macho hayatulii.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya maji. Newala maji yakitoka bombani kila mtu huacha alichoshika, na mama alikuwa amekwenda na madumu yake. Tulikuwa wawili barazani. Nilikuwa nahangaika na ubavu wa chombo, bamba kubwa kuliko yote, na kwa mara ya kwanza katika miezi mitano lilikuwa limenyooka kweli. Hapakuwa na wimbi hata moja. Nilimwonyesha nikiwa na majivuno yangu.

"Lete," akasema, akanyoosha mkono wa kushoto.

Sikuelewa, mpaka alipoikamata kalamu. Nilimwekea kibao mapajani, juu ya mkono uliolala. Aliishika kalamu kwa ngumi, kama mtoto wa chekechea, akaiweka chini, akaishika tena. Pumzi zake nilizisikia. Kisha akakata.

Mkato ulianzia karibu na pua, ukaenda ukitetemeka, ukazama sana katikati, ukapotea, ukaibuka, ukatokea nyuma karibu na injini. Ulivuka bamba lote. Ulichukua muda mrefu, na alipoinua kalamu jasho lilikuwa limemjaa kwenye paji la uso. Nikamtazama. Nilichokiona usoni mwake nilikiita aibu. Sikujiuliza mara mbili. Mwalimu mzima, mtu wa kuwaambia watoto kila siku waangalie kwanza ndipo waseme wameona nini, nilibonyeza vitufe viwili na mkato ukatoweka.

"Hakuna shida, mjomba," nikamwambia. "Tunaanza upya." Nikaitoa kalamu vidoleni mwake nikavuta mstari mmoja ulionyooka, ili nimwonyeshe jinsi ya kuishika.

Hakukasirika. Ningeshukuru angekasirika. Alilitazama lile bamba safi, halafu akauweka mkono wa kushoto juu ya wa kulia, vikawa vitu viwili vimelala.

"Nipeleke ndani."

Nilikuwa namshika kwapani tukivuka mlango nilipokumbuka nilichokifanya. Bandani kwake kulikuwa na sheria ambayo hata mimi wa ndoo niliijua. Tezo ya mkubwa ikiteleza, mdogo hagusi pale. Mkato mbaya hauzibwi kwa gundi wala vumbi. Mchongaji anaweka tezo chini, anauangalia, pengine siku nzima, kisha anaufuata. Umbo lote linasogea ili ule mkato upate kazi, uwe mkunjo wa nguo, au kovu, au pembe ya mdomo wa mtu anayetaka kusema kitu. Wapwa wa kiume walichapwa makofi kwa kujaribu kurekebisha alichokata mjomba. Na mimi nilikuwa nimemfutia machoni pake mkato wa kwanza alioukata tangu augue, nikachora wangu juu yake.

Nilirudi mbio barazani kuutafuta. Programu ile hukumbuka ulichokitendua na inaweza kukirudisha, ila ukishafanya jambo jipya, kile cha zamani hukitupa. Mstari wangu ulionyooka ulikuwa ndio jambo jipya. Nilibonyeza kila nilichokijua. Kisha nikakaa, nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe sikuwa na wa kumpelekea. Mama alirudi na madumu, akauliza kulikoni. Nikamwambia mjomba amechoka.

Hakukaa tena karibu na meza. Kiti alikigeuza kikaelekea ukutani, upande wa jua. Nilimwomba radhi, tena kwa kupiga magoti. Akanijibu, "Hujanikosea kitu, mwanangu," kwa upole ule wa kumjibu mgeni. Nilimwekea kalamu mkononi siku nyingine mbili tatu, akairudisha mezani taratibu. Sahani zikaanza kurudi jikoni zimejaa. Wakati dawa ya salfa inapulizwa kwenye mikorosho na harufu yake imejaa mpaka vyumbani, mama aliacha kuniuliza kaka yake amekula nini, maana aliona mwenyewe.

Nilijaribu kuukata upya mkato ule kwa mkono wangu wa kushoto. Nilijitetemesha. Ulitoka mstari wa mtu anayejitetemesha, nikaufuta. Chombo nilikimaliza kikiwa na ubavu safi. Nilikiweka mtandaoni, na watu nisiowajua wakakisifia kwamba mabamba yake yamenyooka. Sikufungua tena ukurasa ule.

Mjomba alifariki kabla korosho hazijaanza kudondoka. Tulimzika upande wa kwao, na wale wapwa wa kiume waligawana patasi na tupa. Sikuomba kitu.

Ila siku chache kabla ya hapo nilikuwa namnywesha maji mchana, mama yupo shambani. Alikunywa kidogo akakisukuma kikombe. Nilidhani anataka kulala. Akanitazama sana kwa lile jicho lililokuwa likiona vizuri, na maneno yakatoka moja moja, kwa shida, bila ukali wowote.

"Siku ile," akasema. "Ule mkato. Uliufuta kabla mimi mwenyewe sijauona."