Kwapa la Shati la Wakili

Kwenye duka la dobi walimwita Mama Pua, maana hakuna shati lililoingia majini kabla hajalinusa kwapani. Lililochacha alilitenga lilowekwe kwenye siki. Lisilo na neno likaenda moja kwa moja mashineni. Baadaye ndiye aliyeyapiga pasi mbele ya wateja, na meza ile ya pasi ndiyo ilikuwa fahari yake.

Miaka kumi na tisa ya makwapa ya watu ilimfundisha kwamba kikwapa hakina kabila. Mpishi hunuka kitunguu awe mtoto wa nani, na mwenye hofu huchacha kuliko mbeba mizigo. Waliomshangaza ni wahandisi kutoka mashariki ya mbali: mashati yao, baada ya siku nzima juani, yalikuwa kama hayajavaliwa. Binti yake, muuguzi, alimweleza kuwa jasho lenyewe halinuki. Vijidudu vya kwapani ndivyo hulila na kulichachusha, na wengi wa watu wale huzaliwa na jasho lisilovishibisha vijidudu. Hata nta ya masikio yao ni kavu.

"Kumbe sisi wengine wote ni ukoo mmoja wa kikwapa," Mama Pua alicheka.

Siku wakili mmoja, mteja wao, alipokuja na shati mkononi, Mama Pua hakucheka. Wakili alitangaza mbele ya wateja kwamba mpiga pasi amelitia harufu yake. Watu wa kabila la mama huyu, alisema, hata sabuni imewashinda. Meneja, kijana wa kabila hilohilo la Mama Pua, akaomba radhi mara tatu, kisha akamnong'oneza Mama Pua ahamie nyuma, kwenye mapipa ya siki.

Mama Pua akaomba jambo moja. Lilikuwapo shati jingine la wakili, lililofuliwa jana yake Mama Pua akiwa hayupo kazini. Wakili alipige pasi mwenyewe.

Akalipiga, akitabasamu. Shati lilikuwa la poliesta, kitambaa kinachohifadhi jasho la mwenyewe hata baada ya kufuliwa, na moto hulizindua. Mvuke wa kikwapa ukapanda kutoka kwapani mwa shati. Wateja wakarudi nyuma hatua mbili.

"Hiyo ni yako, baba," Mama Pua alisema taratibu. "Mimi sijaligusa."

Wakili aliondoka bila kuaga. Kesho yake meneja akampeleka Mama Pua kwenye mapipa. Akauliza kosa lake.

"Umemwaibisha mteja, mama," meneja alisema bila kumtazama. "Ungekubali tu kwamba unanuka. Hilo tungelivumilia."