Siku Nilipomkosoa Mwalimu Mwanaidi

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumamosi pale Kibaha, mwanangu, tumeketi darasani tunamsubiri mhadhiri, mara akaingia mama mmoja mtu mzima, mtandio umetulia mabegani, begi la kitambaa mkononi. Nilisimama kabla sijajua kama nimesimama. "Shikamoo mwalimu!" Wenzangu waliponiona nimesimama wakadhani ndiye mhadhiri mwenyewe, wakasimama nao, darasa zima likaamkia kwa sauti moja kama watoto wa shule ya msingi.

Yule mama alicheka hadi akajishika kiuno. "Marahaba, wanangu. Lakini kaeni. Mimi ni mwanafunzi mwenzenu."

Alikuwa Mwalimu Mwanaidi, mwanamke aliyenifundisha kusoma na kuandika kule kwetu Kisarawe. Alikuwa ameshastaafu, ana wajukuu, halafu akaja kukaa kwenye dawati la mbele kabisa, karibu na mlango.

Ule ulikuwa mwaka wa msingi. Nadhani unaujua, maana ndio huo unaokuliza hivi sasa. Ni mwaka mmoja anaosoma mtu kabla ya kuingia shahada yenyewe, kama alama zake za sekondari hazikutosha, au kama ameacha shule siku nyingi. Mwalimu alikuwa wa kundi la pili. Mimi nilikuwa la kwanza, kidato cha sita hakikunipa alama za kuingia moja kwa moja. Nilitaka shahada ya uhasibu na fedha, wala sikutaka kitu kingine. Nilikuwa naishi Sofu kwa kaka yangu, na wifi yangu hakuchoka kuniuliza naanza lini chuo. Nikimwambia nimeshaanza, anasema, "Aa, kile chuo cha kuanzia chuo?" Nilikuwa nacheka naye, kisha nachukua madaftari yangu naondoka. Nilijua ninakokwenda, na mtu akishajua hivyo, maneno ya wifi hayamzuii kupita mlangoni.

Siku za mwanzo nilimuuliza Mwalimu amefuata nini kwenye uhasibu, umri ule. Akaniambia, "Tatu mwanangu, nimefundisha hesabu za darasa la nne maisha yangu yote. Kila mwaka watoto wananiacha hapo, wanaendelea mbele. Nami nilikuwa najiuliza, huko mbele kuna nini?" Hakuwa na sababu nyingine. Mpaka leo sijasikia sababu nzuri kuliko hiyo.

Basi siku moja mhadhiri wetu, kijana mpole ambaye Mwalimu angeweza kumzaa, alimwita ubaoni kufanya zoezi. Duka limenunua mabati kwa fedha taslimu, onyesha kila upande unaandikwa nini. Ukianza kusoma utaliona jambo hili siku za mwanzo kabisa: kinachoingia kinaandikwa kushoto, kinachotoka kinaandikwa kulia. Fedha zimetoka, kwa hiyo zinakaa kulia. Mwalimu akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri wa ubaoni, herufi zimenyooka kama zimepimwa, na fedha akaziweka kushoto.

Kila mtu aliona. Mhadhiri naye aliona, nikamwona anajikuna kisogo na kutazama dirishani. Mwalimu akapiga mstari chini ya zoezi lake, akageuka kwetu, akatabasamu. Alikuwa anasubiri tuseme ndiyo. Nasi tulikuwa karibu kusema.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Hapo umegeuza. Fedha zimetoka, zinakwenda kulia."

Nyuma yangu mtu akafyonza. Mwingine akasema, tena kwa sauti, "Huyu dada hana adabu. Mtu mzima yule!" Mwalimu aliutazama ubao. Kisha akaweka chaki mahali pake, akarudi kwenye dawati, akafunga daftari lake.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile ya baada yake.

Mwanangu, nilikuwa na uhakika kwamba nilisema sahihi, lakini dawati lile tupu lilikuwa linanitazama. Mitihani ilikuwa inakaribia, na sheria ya mwaka ule ilikuwa ngumu: usipofaulu masomo yote, mlango wa shahada umefungwa. Nikaona nikikaa kimya, mama wa watu ataukosa mwaka wake kwa ajili ya sentensi yangu moja. Nikafunga safari hadi Kisarawe. Hata nyumbani kwetu sikupita, nilikwenda moja kwa moja kwake.

Nilimkuta ukumbini na mwanawe mkubwa, Shabani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kumbe Shabani alikuwa ameshasikia habari za ubaoni. Sijamaliza hata kuamkia, akaanza. "Ndiye wewe? Afadhali umekuja. Mwambie mama apumzike. Watu wanatucheka, bibi mzima anakwenda kukosolewa na watoto aliowafundisha kushika kalamu!"

Nikapiga magoti pale mkekani. "Mwalimu, nimekuja kukuomba radhi. Nilikukosea mbele za watu."

Nilitegemea ataniambia yameisha. Badala yake alikunja uso, uso uleule niliouogopa darasa la kwanza.

"Inuka. Nani kakufundisha hivyo? Umetoka Kibaha, umetumia nauli, unakuja kuniomba radhi kwa kusema kweli? Fedha zilikuwa kulia au kushoto?"

"Kulia, Mwalimu."

"Basi unaomba radhi ya nini? Kesho ukiwa mhasibu, bosi wako, mtu mzima, akikosea, utaziacha kushoto kwa heshima? Heshima niamkie, nipokee mzigo, niachie kiti. Hesabu usiniachie."

Mimi nilikuwa bado nusu nimepiga magoti, nusu nimesimama, sijui niende wapi.

Kisha sauti yake ikashuka. Akaniambia kwamba hakuacha kuja kwa hasira. Aliporudi nyumbani siku ile alifungua madaftari yake tangu mwanzo, akagundua kwamba hakuwa ameelewa karibu lolote. Alikuwa anaitikia kwa kichwa tu. "Nimezoea kuulizwa," alisema. "Sijazoea kuuliza. Kila mhadhiri anaposema 'tumeelewa?' mimi ndiye wa kwanza kusema ndiyo, maana watu wazima wote hatupendi kubaki nyuma. Wewe ndiye mtu wa kwanza aliyenionyesha niko wapi. Nikaona aibu, sikatai. Lakini aibu ni yangu, usiibebe wewe."

Akamgeukia mwanawe. "Na wewe, kama watu wanacheka, waambie waje wacheke hapa hapa, niwakaribishe na chai." Halafu akaniambia mimi, "Keti. Nianzishie mwanzo, tangu mabati."

Tulianza alasiri ile ile. Tangu hapo, kila mwisho wa wiki tulikuwa tunasoma pamoja, mara kwake, mara Sofu sebuleni kwa kaka yangu. Alikuwa mwanafunzi msumbufu, nakwambia. Hakukubali jibu kwa kuwa ni jibu. "Kwa nini?" "Nani kasema?" "Na kama mabati yamerudishwa dukani?" Mara nyingi sikujua, ikabidi niende nikatafute. Nikadhani namfundisha yeye, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nazidi kukaa sawa. Darasani alianza kunyoosha mkono kuliko mtu yeyote. Yule aliyesema sina adabu alikuja kuomba kusoma nasi.

Mitihani ikaja. Mimi nilifaulu yote. Mwalimu alifaulu yote isipokuwa hisabati, akatakiwa kuurudia mtihani huo mwaka uliofuata kabla ya kufunguliwa mlango wa shahada. Nilipomwona mbele ya ubao wa matokeo niliogopa kumsogelea, lakini yeye ndiye aliyeniita. "Tatu, tangulia. Mimi nakuja." Alisema hivyo kama mtu anayekwenda kununua chumvi dukani.

Na kweli alikuja. Alirudia mtihani ule, na siku ya mtihani ni Shabani aliyemleta Kibaha kwa gari lake la duka, akakaa nje akimsubiri hadi alipotoka. Sikumuuliza nini kilimbadilisha. Niliona tu akimfungulia mama yake mlango. Mwalimu akaingia mwaka wa kwanza mimi nikiwa wa pili, na hapo ndipo nilipoona kazi ya ule mwaka wa msingi. Wenzetu walioingia moja kwa moja walifika wakikimbia, halafu somo la takwimu likawasimamisha. Waliokuja kutuuliza maswali ni wao, na sisi hatukuwaficha.

Alipohitimu nilikuwa nimekaa na familia yake. Jina lake liliposomwa, Shabani alipiga kelele hadi walinzi wakamtazama. Alirudi Kisarawe, wakulima wa korosho wakamchagua awakagulie hesabu za chama chao, na kila mkutano alikuwa anawaambia vijana: nimesoma, lakini nikaguliwe na mimi. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mungu amrehemu.

Sasa wewe, mwanangu, umepata nafasi ya mwaka wa msingi wa uhasibu, na unakaa hapa nyumbani kwangu Pangani kama mtu aliyefiwa, kwa sababu rafiki zako wameingia mwaka wa kwanza. Nisikilize. Huo mwaka hujapewa kwa kuhurumiwa. Umepewa muda wa kuuliza maswali ambayo wenzako hawatapata tena nafasi ya kuyauliza. Yaulize yote, hata yale ya kijinga, hasa hayo. Usiseme umeelewa wakati hujaelewa, kwa sababu uhasibu utakuumbua mapema kuliko kazi nyingine yoyote. Mtu akikukosoa, mshukuru kwanza, hasira yako utaitafutia siku nyingine. Na ukiona kosa la mkubwa wako, mwamkie kwa adabu zote ulizofundishwa kwetu, kisha mwambie.

Mungu akufungulie ufahamu, akupe watu wa kusoma nao wenye ukweli kinywani, na akulinde na uvivu na woga. Mama yako mzazi aione shahada yako kwa macho yake. Nami nakuombea uzima hadi siku nitakapokuja na mahesabu yangu ya shamba, unionyeshe nilipokosea. Nitafurahi. Haya, futa machozi, kajaze fomu yako ya chuo.