Mashine Iliyongoja Maji

Sauti ya maji yakiingia kwenye mashine ya kufulia siwezi kuipita hivi hivi. Kwanza yanapiga bati, halafu yanapiga nguo, halafu yananyamaza kama mtoto aliyepewa titi. Nikiisikia, hata nikiwa na mteja mbele yangu, naacha kuongea. Wafanyakazi wangu wananicheka. Wacheke. Hawajui ilianzia wapi.

Shida yetu ilianza mwaka wa sabini na moja, nikiwa na miaka tisa. Baba alienda Nanyuki kutafuta kazi, akaipata, akapata na bibi mwingine. Mama, ambaye sisi tulimwita Maitu, hakulia mbele yetu. Alienda mtaa wa Skuta, hapa Nyeri, akaanza kufua nguo kwa mikono nyumbani kwa Mama Ndirangu, bibi wa afisa mmoja wa kilimo. Mimi shule nilikuwa nimefukuzwa kwa kukosa sare, kwa hivyo nilimfuata kazini nikasugua soksi na kola. Saa nne tulipewa chai na mkate uliopakwa siagi. Sioni aibu kusema: ule mkate ndio ulikuwa chakula changu cha maana siku nzima.

Sasa Jumamosi moja ikaletwa mashine. Nyeupe, iko na dirisha la mviringo tumboni. Fundi aliifunga jikoni, akaijaribu wakati maji ya bomba yalikuwa na nguvu. Ikazunguka vizuri kabisa, watoto wa nyumba wakapiga makofi. Mama Ndirangu akamgeukia Maitu.

"Nyambura, umeona mwenyewe. Mwisho wa mwezi tutaachana kwa amani."

"Nimeona, Mama Ndirangu," Maitu akasema, akaendelea kukamua shuka.

Mimi sikuwa na hiyo amani. Jumatatu Mama Ndirangu alijaza nguo, akatia sabuni, akazungusha kitufe cha kuiwasha, akaenda sokoni akimwachia Maitu kazi ya kuanika tu. Maitu alipotoka kwenda kung'oa magugu kwenye kabichi, niliingia nyuma ya mashine, nikaukunja mpira wa maji mara mbili, nikaufunga na kamba ya katani. Nilikaza kwa meno. Ikakaa kimya. Nikakaa nje juani kama mtu amelipwa.

Maitu aliporudi aliweka sikio kwenye lile bati, vile angesikiliza tumbo la ng'ombe. Akatazama nyuma. Akaona kamba. Akanitazama mimi, na ninyi mliolelewa na mama wa Nyeri mnajua kuna kutazamwa kunakouma kuliko kofi. Akaifungua, kamba akaitia mfukoni.

Lakini saa hiyo Skuta nzima ilikuwa imefungua bomba. Maji yakaja membamba, kama mbuzi anakojoa. Tukangoja. Mashine haikuzunguka. Tukangoja tena. Ndani ya dirisha nguo zimelala kwenye sabuni, mashine inanguruma kidogo, haiendi mbele, hairudi nyuma. Moyo wangu ukaimba: imekufa, na sijaiua mimi.

Maitu akavuta kile kisanduku cha sabuni, akamwaga jagi moja la maji. Akasikiliza. Akamwaga lingine.

"Haijaharibika," akasema. "Iko na kiu. Inangoja ishibe."

"Iache ife, Maitu!"

"Beba ndoo."

Akachukua ukanda wake wa ngozi wa kubebea mizigo, akaufunga kwenye pipa, akaupitisha kwenye paji la uso, mahali palipokuwa na alama tangu ujana wake, pipa likakaa mgongoni. Tukashuka mtoni. Ilizunguka tulipomwaga ndoo ya mwisho ya safari ya pili. Ikafua, ikatema maji yote, ikasimama kungoja mengine ya kusuuza! Tukashuka tena. Nililia njia yote nikipanda ule mlima, na hakuninyamazisha.

Mama Ndirangu aliingia akamkuta na mgongo umelowa, anamimina.

"Ati Nyambura! Unainywesha kama ng'ombe?"

"Bomba lako halitoshi. Nikiinywesha, inafanya kazi."

Yule mama alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Mwisho wa mwezi ukafika, hakuna aliyetaja kuachana. Maitu aliinywesha ile mashine miaka sita. Mimi nilirudi shule, nikafika darasa la nne, ikanitosha.

Miaka mingi nilihadithia watu jinsi mama yangu alivyokuwa mjanja. Nilisema alijua mashine iliyokufa ingerudishwa Nairobi iletwe nyingine nzima, lakini mashine inayohitaji mgongo wake ingemlinda. Niliponunua yangu ya kwanza, kuukuu, fundi aliifungua akanionyesha kimpira chembamba. Maji yakipanda tumboni yanasukuma hewa kwenye hicho kimpira, hewa inabonyeza swichi, ndiyo ngoma inazunguka. "Hii ya zamani haihesabu dakika za maji," akasema. "Yakija kidogo, itangoja hata mpaka kesho." Nikakimbia kumwambia Maitu, mzee wakati huo, kwamba alikuwa amesema kweli. Nikamuuliza hizo akili za kujilinda alizitoa wapi.

Akanishangaa kweli.

"Akili gani? Nguo zilikuwa ndani, na sabuni. Ningeziacha zinuke?"

Ndiyo hiyo tu. Mkate wetu ulikuwa unaondoka, na yeye alikuwa anafikiria shuka za watu. Ilinichukua miaka mingi, na wafanyakazi wengi wavivu, kujua moyo kama huo ni kitu gani.

Leo niko na duka la kufua nguo hapa mjini, mashine tano, na matangi mawili juu ya paa. Niko na ekari mbili Endarasha, ng'ombe watatu, nyumba ya mawe, na meno yangu mwenyewe karibu yote. Ukanda wa Maitu uko kwenye msumari, juu ya mashine ya kwanza.