Binti wa Siku Tisa

Mtaani walimwita Cheche, maana tangu ujana kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti, na mikono yake ilijaa makovu ya moto. Alikuwa mtu wa utani, mdomo haukai. Lakini mkewe alipopasuliwa na kujifungua binti wa miezi saba, mtoto waliyemngoja miaka sita, ulimi ulimganda.

Mama mtu alilala hoi wodi ya juu, hawezi hata kuketi. Mtoto alikuwa chini, chumba cha wachanga, uzito wake kilo moja na robo. Siku mbili nzima Cheche alimtazama kupitia kioo.

Siku ya tatu muuguzi mkuu, mama asiyependa mzaha, akafungua mlango.

"Baba, unangoja nini hapo? Nawa mpaka kwenye viwiko. Vua saa, vua na shati."

"Mimi, sista? Mikono hii imezoea chuma. Nitamvunja."

"Wauguzi tuko wawili, watoto kumi na wanane. Humvunji. Njoo."

Mtoto akalazwa kifuani pake, ngozi kwa ngozi, wakafungwa shuka moja. Cheche akaogopa hata kupumua.

Akafundishwa kumlisha. Maziwa yaliyokamuliwa na mkewe yalimiminwa kwenye bomba la sindano, akaliinua, yakateremka yenyewe taratibu kupitia mpira mwembamba wa puani. Hazikupita siku tatu, naye akawa anamwelekeza baba mwingine: "Usisukume, bwana. Huyu si tairi la baiskeli."

Siku ya saba aliona tumbo limetuna, linang'aa. Na maziwa yalikuwa yanarudi mpirani, rangi ya kijani.

"Sista! Tumbo hili silo la jana."

Muuguzi alikuwa na mtoto mwingine mikononi, lakini alikuja mbio. Daktari akaitwa. Maziwa yakasimamishwa, dripu ikawekwa, dawa zikaanza.

"Umeona mapema, baba," daktari alisema. "Ila utumbo umeshambuliwa vibaya, na mwenyewe ndiyo hivyo, mdogo mno."

Siku ya tisa asubuhi muuguzi mkuu alimweleza ukweli bila kuzungukazunguka, kisha akaenda mwenyewe kumleta mama kwa kiti cha magurudumu. Ndiyo kwanza amshike mwanawe. Humo humo mikononi mwake, kabla ya saa sita mchana, pumzi ikakata. Muuguzi akavuta pazia, akawaacha.

Kisha mke akasema, "Nyote mlimjua isipokuwa mimi. Alikuwaje?"

Cheche alijikaza. Akamwambia kwamba alikuwa na kwikwi kila akishiba. Kwamba hakupenda kulazwa ubavu wa kushoto. Kwamba mguu mmoja ulikuwa mtoro, umfunge vipi, utauona umeshachomoza nje ya shuka.

"Rudia hiyo ya mguu," mkewe akasema.

Akarudia.